Mtoto Anaumwa Tumbo: Tumpeleke kwa Nani?



Hakuna mzazi asiyekijua kilio cha mtoto anayeumwa tumbo. Mtoto anaharisha, au anatapika, au tumbo limejaa na kuwa gumu kama ngoma. Usiku huo nyumba nzima hailali. Kila mtu ana neno lake. Bibi anasema hilo ni chango. Jirani anasema mtoto amebemendwa. Mwingine anasema mtoto ana meno ya plastiki, yang'olewe haraka. Watu wanabishana, na mtoto anazidi kulegea.

Leo tutazungumza juu ya waganga na madaktari wanaotibu matumbo ya watoto. Wanafanya kazi gani? Wako wapi? Na sisi wazazi tuwasaidieje ili mtoto apone?

TUMBO LA MTOTO LINAVYOFANYA KAZI

Chakula kikishamezwa hupita katika bomba linaloitwa umio. Kisha huingia tumboni, na hapo huvurugwa kama uji. Kutoka hapo huenda kwenye utumbo mwembamba. Hapo ndipo mwili unapochukua sehemu njema ya chakula na kuiingiza katika damu. Mabaki huenda kwenye utumbo mpana. Humo maji mengine huchukuliwa tena na mwili, na yanayobaki hutoka kama choo.

Utumbo ukiugua, hauwezi kuchukua maji vizuri. Maji na chumvi za mwili hutoka pamoja na choo. Huko ndiko kuharisha.

Mtu mzima ni kama pipa, na mtoto mchanga ni kama mtungi mdogo. Pipa likivuja, utapata muda wa kuliziba. Mtungi mdogo ukivuja, maji huisha upesi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kuharisha siku mbili na bado akaenda shamba, lakini mtoto mchanga anaweza kufa kwa siku moja. Mara nyingi kinachomwua ni upungufu wa maji mwilini.

MGANGA WA ZAHANATI NDIYE WA KWANZA

Watoto wengi wanaoumwa tumbo hawahitaji kwenda mbali. Mganga wa zahanati au muuguzi anaweza kuwatibu wakapona. Kazi yake ni ya namna tatu.

Kwanza, anauliza. Ugonjwa umeanza lini? Mtoto ameharisha mara ngapi tangu asubuhi? Kuna damu katika choo? Matapishi yana rangi gani? Ananyonya? Amekojoa leo? Amepewa dawa gani nyumbani?

Mzazi asifiche kitu. Kama mtoto amepewa dawa ya mizizi, sema. Kama amepewa vidonge vya dukani, sema, na ukiweza beba pakiti yake. Mganga hakuulizi ili akugombeze. Anataka kujua kilichomo ndani ya mwili wa mtoto.

Pili, anapima. Anampima mtoto uzito. Anatazama macho kama yamedidimia. Anagusa utosi wa mtoto mchanga kama umebonyea. Anafinya ngozi ya tumbo na kuiachia. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi mara moja. Ngozi ya mtoto aliyekaukiwa hurudi polepole.

Tatu, anatibu. Dawa kubwa ya kuharisha ni maji ya ORS, yaani dawa ya pakiti yenye chumvi na sukari inayochanganywa na maji safi. Pamoja nayo hutoa vidonge vya zinki. Kuharisha kwingi kwa watoto hakuhitaji vidonge vya kuua vijidudu. Dawa za kuzuia kuharisha wanazotumia watu wazima hazifai kwa watoto, na zinaweza kuwadhuru. Mtoto anayeharisha damu ana matibabu yake, na mganga ndiye atakayempa dawa inayofaa.

DAWA YA PAKITI ILIVYOPATA SIFA

Wako watu wanaoidharau dawa hii. Husema, "Nimetembea mwendo wote huu, napewa chumvi na sukari tu! Sindano iko wapi?" Msomaji, sikiliza habari hii.

Mwaka 1971 kulikuwa na vita katika nchi ambayo sasa inaitwa Bangladesh. Watu wengi mno walikimbilia India. Kipindupindu kiliingia katika kambi zao. Katika mji wa Bangaon alikuwapo daktari wa watoto wa India, Dilip Mahalanabis. Wagonjwa walilala hata chini sakafuni. Maji ya kutundika mishipani hayakutosha.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1968, madaktari wa Dhaka walikuwa wameonyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari ya glukosi. Daktari Mahalanabis akaamua kuitumia njia hiyo kwa watu wengi. Maji yalichanganywa kwa wingi, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kuwanywesha. Kabla ya hapo, katika wagonjwa 100 walikuwa wakifa karibu 30. Walionyweshwa maji hayo, walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Kwa nini maji hayo yanafanya kazi? Utumbo unaougua hushindwa kuchukua maji matupu vizuri. Lakini sukari inapoingia katika ukuta wa utumbo huingia pamoja na chumvi, na maji huzifuata. Kwa hiyo chumvi peke yake haitoshi, na sukari peke yake haitoshi. Lazima ziwe pamoja, tena kwa kipimo.

JINSI YA KUMPA MTOTO NYUMBANI

Nawa mikono kwa sabuni. Soma pakiti ili ujue inataka maji kiasi gani. Pakiti nyingi huchanganywa na maji ya lita moja, lakini zipo ndogo zaidi. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja.

Kila mtoto anapoharisha, mpe maji hayo. Aliye chini ya miaka miwili apewe robo kikombe hadi nusu kikombe. Aliyezidi miaka miwili apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole. Maji yaliyobaki baada ya siku moja mwaga, uchanganye mengine.

Zinki hupewa mtoto kila siku kwa siku 10 hadi 14, kama utakavyoelekezwa. Usiiache hata kama kuharisha kumekoma, kwa maana husaidia utumbo kupona na hupunguza kuharisha siku zijazo.

Usiache kumnyonyesha. Usimnyime chakula. Wazee wengine husema tumbo lipumzishwe. Mtoto asiyekula hukosa nguvu ya kupigana na ugonjwa.

Kama pakiti hazipo, na zahanati iko mbali, chukua lita moja ya maji safi. Tia vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kulundika. Onja kwanza. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Chumvi ikizidi ni hatari. Mpe mtoto maji hayo huku mkiwa njiani kwenda kutafuta matibabu.

MADAKTARI WALIOTAFUTA CHANZO

Kazi ya madaktari haiishii kutoa dawa. Wengine hutafuta chanzo cha ugonjwa. Kwa miaka mingi watoto waliharisha sana na hakuna aliyejua kwa nini. Mwaka 1973, katika mji wa Melbourne huko Australia, mtafiti Ruth Bishop na wenzake walichunguza vipande vidogo sana vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha. Walitumia darubini yenye nguvu nyingi. Wakaona kirusi cha mviringo, ambacho baadaye kiliitwa rota.

Kwa kuwa kirusi kilijulikana, chanjo ikaweza kutengenezwa. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya rota mwaka 2013. Si sindano. Mtoto hudondoshewa mdomoni, kuanzia umri wa wiki 6. Tazama kadi ya kliniki ya mtoto wako. Kama nafasi ya rota iko tupu, muulize muuguzi.

DAKTARI BINGWA NI NANI?

Katika hospitali kubwa kuna madaktari bingwa wa watoto, na pia madaktari wa kuwapasua watoto. Wako pia wachache waliosomea hasa magonjwa ya tumbo, utumbo na ini la watoto. Daktari wa namna hiyo kwanza husomea udaktari, kisha husomea magonjwa ya watoto, na mwisho husomea matumbo yao. Ni masomo ya zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana hawapatikani kila wilaya. Mwananchi huwafikia kwa barua ya rufaa, kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, na kutoka hapo hadi hospitali ya mkoa au ya rufaa, kama vile Bugando huko Mwanza, KCMC huko Moshi, au Muhimbili huko Dar es Salaam.

Daktari bingwa ana vyombo vya kutazama ndani. Iko eksirei. Iko mashine ya utrasaundi, ambayo haina maumivu. Uko pia mpira mwembamba wenye taa na kamera, unaoingizwa kinywani mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Kwa mpira huo daktari huona umio na tumbo, na huweza hata kutoa sarafu iliyokwama.

Haya ni baadhi ya mambo yanayohitaji madaktari hao:

Mtoto mchanga asiyepata choo. Mtoto akizaliwa hutoa choo cheusi katika siku ya kwanza au ya pili. Kama siku mbili zimepita bila choo, na tumbo linajaa, utumbo unaweza kuwa na kasoro. Daktari wa watoto wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliwaeleza wenzake ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1886. Sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa mishipa ya fahamu na haisukumi choo. Siku hizi hutibiwa kwa upasuaji.

Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani. Huenda utumbo umejisokota. Asingojewe mpaka kesho.

Mtoto wa wiki chache anayetapika kwa nguvu, maziwa yakiruka mbali, kila baada ya kunyonya. Huenda mlango wa chini wa tumbo umebana. Upasuaji humponya.

Mtoto aliyekunywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Dawa hii huunguza umio. Kidonda kikipona huacha kovu linalobana, na mtoto hushindwa kumeza hata maji. Usimtapishe, kwa sababu ikirudi juu itaunguza mara ya pili. Msukutue kinywa na mkimbize hospitali. Na tangu leo, usiweke kostiki katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anaijua chupa tu.

Mtoto aliyemeza betri ndogo ya mviringo kama kitufe, ile ya saa au ya vitu vya kuchezea. Ikikwama kwenye umio huweza kuunguza ndani ya saa mbili. Hii si sarafu. Nenda hospitali saa ile ile.

Mtoto anayeharisha siku 14 au zaidi. Daktari atatafuta vijidudu, utapiamlo na magonjwa mengine. Mara chache sana chanzo ni chakula chenyewe. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alionyesha katika maandishi yake ya mwaka 1950 kwamba kuna watoto wanaougua utumbo kwa sababu ya ngano. Wakiacha ngano, wanapona.

MFANO: MTOTO WA MIEZI SABA

Tuchukue mfano. Mama mmoja anafika zahanati alfajiri na mtoto wa miezi saba.

"Shikamoo mganga."

"Marahaba mama. Pole sana. Mtoto ana nini?"

"Tangu jana jioni analia. Analia kwa nguvu na kukunja miguu. Halafu ananyamaza kabisa, analegea kama aliyechoka. Baada ya muda kidogo anaanza tena. Mama mkwe anasema ni chango. Alimpa vijiko viwili vya dawa ya mizizi, akavitapika."

"Umefanya vema kunieleza. Choo chake kikoje?"

Mama anafunua kitambaa. Hakuna choo cha kawaida. Kuna ute mwekundu wenye damu.

Mganga hamgombezi. Anagusa tumbo la mtoto, na upande wa kulia anahisi kitu kirefu kama uvimbe. Anasema, "Mama, hili si chango. Naona utumbo wa mtoto umejiingiza ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa shati unapojikunja ndani. Mimi hapa siwezi kuutibu. Lazima mwende hospitali sasa hivi."

Anaandika barua ya rufaa. Anapiga simu hospitali ili wajiandae. Anamwambia mama asimpe mtoto kitu kinywani mpaka aonwe na daktari. Baba anaita pikipiki.

Hospitalini wanampima kwa utrasaundi na kuona kwamba mganga alisema kweli. Kuna mahali ambapo madaktari huweza kuusukuma utumbo urudi kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa. Katika mfano wetu, daktari anafanya upasuaji. Anautoa utumbo polepole. Umevimba, lakini bado una rangi ya uhai. Anaurudisha na kushona.

Baadaye anamwambia baba, "Mngengojea siku moja zaidi, utumbo huu ungekuwa umeoza."

Nani aliyemwokoa mtoto huyu? Daktari wa upasuaji, ndiyo. Lakini pia mganga wa zahanati aliyejua mpaka wa kazi yake, mama aliyeeleza kila kitu, na baba aliyeita pikipiki bila kuahirisha.

MENO YA PLASTIKI NA KUBEMENDWA

Tuwaheshimu wazee wetu, lakini tuseme kweli. Mtoto anapoharisha na kuwa na homa, wengine husema fizi zimeota meno ya plastiki. Fizi hukatwa, na kitu cheupe laini hutolewa. Kitu hicho ni jino changa la mtoto ambalo bado halijawa gumu. Kulitoa hakuondoi kuharisha. Huleta damu nyingi, maumivu na vidonda, na kisu kichafu huleta pepopunda na magonjwa mengine. Jino la mahali hapo huenda lisiote.

Mtoto anayedhoofika naye husemwa amebemendwa. Baba na mama huanza kulaumiana, au huona haya kumpeleka mtoto kliniki wasije wakachekwa. Mtoto huyo hana kosa, na wazazi wake hawakumdhuru kwa kulala pamoja. Ana utapiamlo au ugonjwa, na yote mawili yana matibabu. Aibu isituzikie watoto.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mtoto kwa matibabu mara moja ukiona:

1. Macho yamedidimia, analia bila machozi, au hakojoi.
2. Amelegea sana, au ni vigumu kumwamsha.
3. Hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu.
4. Kuna damu katika choo.
5. Matapishi ni ya kijani au yana damu.
6. Tumbo limejaa na kuwa gumu, na hapati choo wala hatoi hewa.
7. Analia kwa vipindi na kukunja miguu.
8. Amemeza kostiki, sumu au betri.

WAJIBU WA KIJIJI

Ugonjwa haungoji mauzo ya pamba wala korosho. Familia nyingi hupewa barua ya rufaa mchana, lakini huondoka kesho kutwa kwa sababu ya nauli. Siku hizo mbili ndizo zinazoua. Kijiji kinaweza kuwa na mfuko mdogo wa dharura. Kinaweza kukubaliana na mwenye pikipiki au gari atakayepeleka mgonjwa usiku na kulipwa baadaye. Jambo hili lizungumzwe kwenye mkutano wa kijiji kabla mtoto hajaugua.

Na tukumbuke kwamba daktari bora wa tumbo huanzia nyumbani. Choo cha kufaa, maji yaliyochemshwa, mikono iliyonawiwa kwa sabuni, maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza, na chanjo kwa wakati. Mwenye hivi ataiona zahanati mara chache.

MANENO MAPYA

Umio: bomba la kupitisha chakula kutoka kinywani hadi tumboni.
Rufaa: kumpeleka mgonjwa kwenye hospitali kubwa zaidi kwa barua.
Kirusi: kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho.
Bingwa: mtu aliyesomea kazi moja kwa undani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtoto mchanga hupungukiwa maji upesi kuliko mtu mzima?
2. Nani katika kikundi chenu anaweza kuonyesha jinsi ya kuchanganya ORS? Ajaribu mbele ya wenzake.
3. Kutoka kijijini kwenu hadi hospitali ya wilaya ni mwendo gani? Usiku mtoto akiugua, mtasafiri kwa nini, na nauli itatoka wapi?
4. Kostiki, mafuta ya taa na dawa za shamba huwekwa wapi nyumbani kwako? Mtoto anaweza kuvifikia?